Malalamiko kuhusu pawa saplai iliyofungwa chali ndani ya kasha linalovuta hewa kwa chini

Tanga,
17 Machi 2025.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KOMPYUTA YA MEZANI ILIYOUNGANISHWA NA KARAKANA YENU TAREHE 4 OKTOBA 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mmiliki wa studio ndogo ya kuhariri video za harusi jijini Tanga. Tarehe iliyotajwa nilinunua dukani kwenu vipuri vya kompyuta ya mezani vyenye thamani ya Sh 2,850,000, nikapewa risiti ya EFD, na mafundi wenu wakaviunganisha kwa malipo ya ziada ya Sh 50,000. Vipuri vyote nilivichagua mwenyewe na sina lalamiko juu ya hata kimoja. Lalamiko langu ni juu ya kazi ya kuunganisha, hususan namna pawa saplai, yaani kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipuri vingine, ilivyofungwa, na juu ya majibu niliyopewa kila nilipouliza.

Kasha la kompyuta nililochagua ni la aina ambayo pawa saplai hukaa chini kabisa, nyuma, ndani ya chumba chake kilichotengwa kwa kifuniko cha chuma. Kifuniko hicho hakina tundu lolote upande wa juu isipokuwa nafasi za kupitishia nyaya. Sakafu ya kasha, kinyume chake, imetobolewa matundu mengi mahali hasa pawa saplai inapokaa, na chini ya matundu hayo limewekwa chujio la vumbi linalochomolewa kwa nyuma kama droo. Mtu yeyote akiligeuza kasha ubavu ataona hewa imekusudiwa kuingilia wapi. Hata hivyo mafundi wenu waliifunga pawa saplai chali, feni yake yenye upana wa milimita 120 ikitazama juu, uso kwa uso na bati lisilo na tundu. Nilipopima kwa rula, nafasi kati ya feni na bati ilikuwa milimita 14.

Naomba nieleze jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu fundi aliyezungumza nami kwa simu alilichukulia kama suala la mtu apendavyo. Feni ya pawa saplai za aina hii haitoi hewa nje, bali inavuta hewa na kuisukuma ndani, kisha hewa hiyo, ikishabeba joto, hutokea kwenye wavu wa nyuma pale waya wa umeme unapochomekwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kukaza skrubu ni moja tu: feni hii ikielekezwa huku, itapata wapi hewa ya kuvuta? Katika makasha ya zamani, yale ambayo pawa saplai ilikaa juu, jibu lilikuwa rahisi, maana feni ilitazama chini kwenye prosesa (kipuri kinachofanya mahesabu ya kompyuta) na kusaidia kuondoa joto la kasha zima, na sidhani kama kuna fundi aliyewahi kukosea hapo. Watengenezaji walipoihamishia chini ndipo uamuzi ulipoanza kumtegemea fundi. Kama sakafu ya kasha ina matundu na miguu yake inaliinua vya kutosha, pawa saplai hulazwa kifudifudi ili ivute hewa ya chumba, ambayo haijapita kwenye kadi ya grafiki (ile inayochakata picha) wala prosesa. Kama sakafu ni bati tupu, au kasha litawekwa juu ya zulia litakaloziba matundu, hulazwa chali, mradi juu yake pawe wazi. Yapo pia yale makasha ambayo kifuniko cha ndani kimetobolewa, na hayo yanakubali mikao yote miwili bila ugomvi.

Kasha langu halimo katika kundi hilo la mwisho. Skrubu nne za pawa saplai hazikupangwa kwa ulinganifu, kwa hiyo kasha linalokubali mikao miwili lazima litobolewe seti mbili za matundu ya skrubu, na langu linazo zote mbili ingawa kifuniko chake hakikutobolewa. Hii ina maana kwamba fundi wenu hakulazimika kutoboa wala kukata chochote ili kuifunga sawasawa, alitakiwa kuchagua tu, akachagua vibaya. Kijitabu cha kasha, ambacho katika ukurasa wake wa nne kina mchoro wa mshale unaoonyesha hewa ikiingia kwa chini, nilikikuta ndani ya boksi bado kimefungwa kwenye nailoni yake ya kiwandani.

Matokeo yake yalianza kuonekana mwezi Novemba. Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi vizuri kwa kuandika na kukata vipande vya video, lakini kila nilipoiagiza itoe video nzima, yaani iunganishe vipande vyote kuwa faili moja, kazi inayochukua zaidi ya saa moja huku prosesa na kadi ya grafiki vikitumika kwa nguvu zote, ilizimika ghafla kama mtu aliyechomoa waya. Ilikataa kuwaka hadi ipite robo saa au zaidi. Siku moja ilizimika video ya harusi ikiwa imefika asilimia 71, mama wa bibi harusi ameketi kwenye benchi la studio na flashi yake mkononi, na ilibidi nimweleze kwamba tunaanza upya.

Nilipowapigia simu niliambiwa ni umeme wa mtaani kwetu. Nilinunua stabilaiza. Sidai fedha ya stabilaiza hiyo, kwani nitaendelea kuitumia, ila naomba ieleweke kwamba niliinunua kwa ushauri wenu na haikubadilisha kitu.

Tarehe 10 Desemba niliituma kompyuta kwenu kwa basi. Ilirudi baada ya siku tisa ikiwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, "Haina tatizo", pamoja na ankara ya Sh 20,000 ya ukaguzi, ambayo nililipa. Baadaye nilifahamishwa kwamba ukaguzi wenyewe ulikuwa ni kuiwasha na kuiacha kwa nusu saa. Mashine iliyowashwa bila kupewa kazi haitumii umeme mwingi, kwa hiyo haiwezi kuonyesha ugonjwa unaotokea ikiwa imeelemewa. Kwenye kipima umeme nilichochomeka ukutani, kompyuta hii ikiwa haina kazi husoma wati 60 hivi, na ikiwa inatoa video husoma takriban wati 330. Hata kama pawa saplai ina ufanisi wa asilimia 90, wati kama 33 kati ya hizo hugeuka joto ndani ya kisanduku chenyewe. Hilo ni joto la chuma cha kuchomelea risasi cha wati 30, mfano wa vile wanavyotumia mafundi wa redio, kikiwa kimewashwa saa nzima ndani ya chumba ambacho feni yake inavuta hewa ileile iliyokwisha kupata moto.

Mwezi Januari, ambao ninyi watu wa Dar es Salaam mnaujua joto lake kama sisi wa Tanga, ilizimika mara tano. Ndipo nilipochomoa lile chujio la chini kwa nia ya kulisafisha. Lilikuwa jeupe. Machujio ya mbele ya kasha yalikuwa yameshika vumbi kama utando wa pamba, lakini hili la chini, baada ya miezi minne ya kazi ya kila siku, lilikuwa safi kama siku lilipotoka kwenye boksi, kwa sababu hapakuwa na hewa yoyote iliyopita hapo. Nilichana kipande cha karatasi ya shashi nikakiweka chini ya matundu, hakikushika hata kidogo.

Tarehe 8 Februari fundi wa hapa Tanga, mbele yangu, alichomoa waya wa umeme, akafungua skrubu nne za nyuma, akaigeuza pawa saplai kifudifudi na kuzirudisha skrubu zilezile kwenye matundu ya seti ya pili. Kazi hiyo ilichukua dakika 25, nyingi zikiwa za kupanga nyaya upya. Hakufungua mwili wa pawa saplai, jambo ambalo ni la hatari kwa sababu kapasita zake, yaani vipuri vidogo vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na stika yenu ya dhamana iliyoko ubavuni haijaguswa. Kabla ya kuigeuza nilikuwa nimepima joto la hewa inayotoka kwenye wavu wa nyuma baada ya dakika 40 za kutoa video, nikapata nyuzi 61. Baada ya kuigeuza, kwa video ileile na chumba kikiwa na nyuzi 31 kama awali, nilipata nyuzi 46. Tangu siku hiyo hadi leo kompyuta haijazimika hata mara moja.

Nilipowaandikia tarehe 10 Februari kuwaeleza haya nilijibiwa kwa simu mambo mawili. La kwanza, kwamba utaratibu wa karakana ni feni kukaa juu kwa kila kompyuta ili isivute vumbi la sakafuni. Hoja ya vumbi siidharau. Ni ya kweli kwa kasha lisilo na chujio, au lililowekwa chini dukani mlangoni. Lakini kasha hili lina chujio, na wakati wa kuagiza niliwaambia litakaa juu ya meza. Utaratibu mmoja kwa makasha yote ni sawa na fundi cherehani anayewakatia wateja wote suruali ya urefu mmoja. La pili nililoambiwa ni kwamba kwa kuigeuza pawa saplai nimeiua dhamana. Hili silikubali kabisa. Karatasi yenu ya dhamana ya miezi 12 inasema dhamana hufutika stika ikichanwa au kifaa kikifunguliwa, na hakuna kati ya hayo lililotokea.

Tatizo lililobaki ni kwamba pawa saplai yenyewe imeathirika. Feni yake sasa inakwaruza kila inapoanza kuzunguka, sauti ambayo haikuwapo mwanzoni. Isitoshe, mafundi wa vifaa vya umeme wana kanuni ya jumla kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa karibu nusu, nami sina namna ya kujua kifaa hiki kimebakiwa na umri gani baada ya miezi minne ya kupikwa. Kinga yake ya joto imefanya kazi yake ya kuizima kabla haijaungua, na nashukuru kwamba nilichagua pawa saplai yenye kinga hiyo.

Kwa sababu hizo naomba mnibadilishie pawa saplai hii kwa mpya ya wati 650 au zaidi, mnirudishie Sh 20,000 za ukaguzi ambao haukukagua kilicholalamikiwa pamoja na Sh 30,000 nilizolipia mzigo wa basi kwenda na kurudi, na mnithibitishie kwa maandishi kwamba dhamana ya vipuri vingine ingali hai hadi tarehe 4 Oktoba 2025. Ningependa pia mafundi waelekezwe kufungua kijitabu cha kasha na kuangalia sakafu na kifuniko chake kabla ya kufunga, kwa kuwa rafiki yangu wa Muheza alinunua kwenu kasha la aina hiihii mwezi Januari na hajajua bado feni yake inatazama wapi.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipoyapata nitawasilisha malalamiko haya kwa Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa jukumu la kumlinda mlaji. Nimeambatisha nakala ya risiti, karatasi ya dhamana, karatasi ya ukaguzi ya mwezi Desemba, ukurasa wa nne wa kijitabu cha kasha, na picha tatu: ya stika ikiwa nzima, ya pawa saplai ilivyokuwa chali chini ya kifuniko, na ya lile chujio jeupe.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Mteja, mmiliki wa studio ya video, Tanga.