Risala ya Kikundi cha Watu Wanaoishi na Kisukari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, viongozi wa dini, wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana.

Tunakushukuru kwa dhati kwa kuacha majukumu mazito ya kitaifa ukaja kukaa nasi juani.

Mheshimiwa, kikundi chetu kilizaliwa kwenye benchi la kliniki. Leo kina katiba, mhuri, akaunti benki na bustani ya mchicha ambayo sifa zake zimevuka mipaka ya kata. Elimu ya lishe tumeifikisha misikitini, makanisani hadi mnadani. Fulana unazoziona tumejinunulia wenyewe.

Sasa, kwa ruhusa yako, tuseme lililotusimamisha hapa.

Sukari tunaipima. Lakini wengi wetu wenye kisukari cha aina ya pili tuna presha pia, na mafuta kwenye damu yamevurugika: trigliseridi, aina mojawapo ya mafuta hayo, ziko juu, mafuta mazuri yako chini. Matatu hayo yakikutana ndipo mishipa inapoziba, tukaanguka kwa kiharusi, moyo au figo. Mtaalamu wetu alitufundisha kuwa utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha wagonjwa wa kisukari waliodhibitiwa presha vizuri zaidi walipungukiwa na kiharusi kwa asilimia 44.

Kipimo cha presha kipo, ila mkanda wake haushiki tena. Muuguzi huufunga kwa bandeji, na betri tunachanga sisi. Hilo hatulileti kama ombi, tumeshalizoea.

Ombi letu ni mashine ya kupima mafuta kwenye damu, pamoja na vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, na vidonge vya atorvastatini vya kushusha mafuta hayo visikosekane dirisha la dawa. Kwa sasa anayetakiwa kupima hupanda basi alfajiri kwenda mjini akiwa hajala, maana ameambiwa aende na tumbo tupu. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, sukari humshuka njiani. Wengine wakishapiga hesabu ya nauli na gharama ya kipimo, huahirisha hadi mavuno.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi mashine, tukapiga makofi. Wa mwaka jana akasema iko njiani, tukapiga makofi tena. Meza tuliyoiandalia ipo maabara hadi leo, imejaa mafaili. Hatumlaumu mtu, tunajua serikali ina mengi. Ila wapo waliopiga makofi yale ambao leo kiharusi kimewalaza nyumbani.

Kwa heshima na taadhima, tunakuomba kabla hujapanda gari ututajie tarehe, na jina la ofisa tutakayemfuata tarehe hiyo ikipita. Mweka hazina ameshika kalamu.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi