Ndege ikichelewa watoto wasirudishwe mwisho wa foleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu tulipoenda kuwachukua watoto wetu, ndugu wawili, dada ana miaka saba na mdogo wake mitatu, nchi ya mbali ambako mimi na mume wangu hatumjui mtu.

Wengi wanadhani kuasili mtoto nje ni kupanda ndege na kurudi naye. Jamani sivyo. Kabla hata ya kukata tiketi tulikuwa na karibu miaka mitatu ya makaratasi, afisa ustawi wa jamii anakuja nyumbani, vipimo vya afya, cheti cha tabia njema cha polisi, barua za kazini, kila kitu kitafsiriwe kigongwe muhuri, na kila karatasi ina muda wake, hii miezi sita ile mwaka, unahuisha moja nyingine nayo ndo inakwisha. Halafu mamlaka za nchi zote mbili zikubaliane kwanza, manake Mkataba wa Hague wa 1993, ule wa kuasili watoto baina ya nchi, unataka hivyo kabla mtoto hajakabidhiwa. Hilo naliunga mkono kabisa, kuna watoto wameuzwa kwa jina la kuasiliwa na huo ukali ndo unawalinda.

Basi tukapewa tarehe ya mahakama, Jumatano saa tatu asubuhi. Tukapanga tufike Jumatatu ili tupumzike.

Ndege ya kwanza ikaharibika kabla ya kuruka. Tumekaa ndani saa mbili, tukashushwa, tukaambiwa subirini kidogo, ile kidogo ikawa mpaka usiku. Kufika kiwanja cha kubadilishia ile ya pili imeshaondoka na kule tunakoenda ndege haziendi kila siku, inayofuata ni Jumatano jioni. Kutoka nje hatuwezi hatuna viza ya nchi ile, tukalala kwenye viti siku mbili. Mume wangu alizunguka kila kaunta na barua ya mahakama mkononi, wakamsikiliza vizuri tu lakini njia nyingine hakuna. Ofisi iliyoshika faili letu simu haipokei, barua pepe inajijibu yenyewe kwamba tutajibiwa ndani ya siku tano za kazi. Siku tano, na sisi yamebaki masaa kumi na manne!

Jumatano saa tatu ilipofika nilikuwa nimekaa sakafuni ukutani naangalia saa. Na huko, mlezi wao alinisimulia baadaye, watoto walishaogeshwa na kuvalishwa tangu alfajiri, mkubwa akakaa mlangoni na kibegi chake mapajani mpaka mchana, hataki kula, halii, alipoambiwa hatujafika akasema "nilijua". Mtoto wa miaka saba anasema nilijua. Hilo neno mpaka leo nikilikumbuka nashindwa kufanya kazi.

Kesi ikaahirishwa wiki tano. Sisi tulichelewa siku mbili tu, lakini ukikosa tarehe unarudi mwisho wa foleni kama mtu anayeanza upya. Tuliwaona watoto mara mbili tukarudi nyumbani bila wao, viza ilikuwa ya kuingia mara moja hivyo tukaomba nyingine, na cheti cha polisi nacho kikaisha katikati hapo.

Najua ndege kuharibika hakuna anayependa. Na abiria ana haki zake, Mkataba wa Montreal wa 1999 unalibana shirika kwa hasara ya ucheleweshaji lisipofanya kila linalowezekana kuuzuia, lakini hiyo ni pesa ya aliyekata tiketi, yule aliyekaa mlangoni na begi hayumo. Ninaowalilia mimi ni wanaoshika mafaili na ratiba za mahakama. Mkataba huohuo wa Hague, kifungu cha 35, unazitaka mamlaka zifanye haraka katika mambo ya kuasili, sasa haraka iko wapi kama hakuna hata namba moja ya simu inayopokelewa usiku ambao familia iko safarini? Na safari kukwama si jambo geni, 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga kubwa ya Ulaya kama siku sita hivi, 2020 mipaka ikafungwa dunia nzima, kwahiyo mpango uwepo mapema. Mahakama iache nafasi ya akiba wiki hiyohiyo au wazazi wasikilizwe kwa video kwa yale yanayowezekana, karatasi iliyoisha kwasababu ya ucheleweshaji wenye ushahidi iongezewe muda kwa barua. Na watoto, nawaomba sana, wasiambiwe ni leo mpaka wazazi wawe wameshatua.

Sisi wetu tunao sasa, mwaka na miezi. Mdogo hakumbuki kitu. Mkubwa kila tukitoka anauliza tutarudi saa ngapi, tukimwambia saa kumi tunahakikisha tisa na nusu tuko mlangoni.

Wenu,
Mama wa wawili