Kwenu mnaoacha watoto na nyie mnaoachiwa

Wanangu kina mama na kina baba, na nyie walezi wenzangu mnaokaa na watoto wa watu majumbani kwenu, nawasalimu sana.

Nimelea watoto wa wenzangu zaidi ya miaka 30, wengine saivi ni watu wazima wana watoto wao, na katika miaka yote hiyo kitu nilichokiona kinawaponza watoto mara nyingi ni watu wazima wawili kufichana mlangoni. Mzazi anamficha mlezi, mlezi anamficha mzazi, na mwenye kuumia yuko katikati wala hajui kuongea.

Ngoja niwape kisa. Mama mmoja aliniletea mtoto asubuhi, mtoto kachangamka tu, hakuniambia kama usiku mzima alikua na homa na kwamba kampa dawa kabla hawajatoka, manake aliogopa nikijua mtoto anaumwa nitakataa kumpokea na yeye kazini ruhusa zilishaisha. Saa tatu na nusu hivi mtoto akaanza kuchemka tena, nikachukua parasetamoli nikampa. Jioni ndo tunakuja kuambiana. Mtoto hakudhurika, nashukuru Mungu, lakini usiku ule sikupata usingizi. Yule mama hakusema, na mimi sikupiga simu kuuliza, kosa letu wote wawili. Dawa hiyo inapimwa kwa uzito wa mtoto, kati ya dozi na dozi yanatakiwa yapite masaa 4 mpaka 6, na isizidi mara 4 ndani ya masaa 24, ikizidi inaumiza ini, alafu dawa nyingine nyingi za mafua ndani yake imo hiyohiyo parasetamoli kwaiyo unaweza kuzidisha bila kujua. Tangu siku ile kwangu kuna daftari mlangoni, mzazi anaandika dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, anaweka sahihi. Asipoandika, mi simpi mtoto dawa ya mtu mpaka nimempigia simu. Na nyie wazazi tafadhali semeni ukweli hata kama unaogopa utarudishwa, na nyie walezi msimfokee mzazi aliyesema ukweli, manake ukimfokea leo kesho atakuficha. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifika joto la 38 hapo hakuna cha kusubiri jioni wala kutafuta dawa kabatini, ni hospitali moja kwa moja.

Jambo la usingizi nalo naomba mlisome polepole. Mtoto mchanga analazwa chali, kila usingizi, wa mchana na wa usiku, kwenye godoro gumu lililonyooka, bila mto, bila blanketi zito, bila midoli. Najua sisi wazee tulifundishwa kumlaza kifudifudi ili asipaliwe akicheua, mimi mwenyewe nililaza hivo watoto wa mwanzo, ila tulikosea. Uingereza walianza kuwaambia wazazi wawalaze chali mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo vile vya ghafla usingizini vikashuka sana. Sasa hatari iko hapa: mtoto kwao kazoea chali, kafika kwa mlezi analazwa kifudifudi siku ya kwanza, huyo yuko kwenye hatari kubwa kuliko hata yule aliyezoea kulala kifudifudi. Ndo maana nasema ulizaneni. Mzazi usione haya kuuliza "mwanangu unamlaza vipi?" na kuomba uonyeshwe pale anapolala, na mlezi usichukie ukiulizwa. Bibi wa mtoto akija kushinda nae naye aambiwe, hata kama ni mkubwa kwenu.

Kuhusu kuanguka. Watoto wanaanguka, hata uwe na macho manne. Kinachoniuma ni mlezi anayemfuta mtoto machozi, anamvalisha kofia kufunika nundu, jioni anasema leo kacheza vizuri tu. Usifanye hivo mwanangu. Mtoto aliyegonga kichwa anatakiwa aangaliwe siku nzima na usiku wake, na mzazi ndo atakayekua nae usiku, atajuaje kwamba kule kutapika mara mbili mara tatu au kule kulala ambako hataki kuamka sio uchovu? Ukimwambia ataona mapema na atakimbia hospitali. Utaaibika dakika tano, basi.

Kuna kilio pia, na hapa naongea na wote kwa sababu hata mama mzazi yanamkuta. Mtoto mchanga kilio chake kinazidi kupanda mpaka karibu wiki ya 6 alafu kinaanza kupungua taratibu, na kuna vilio vingine umeshamlisha, umembadilisha nepi, umembeba, umemwimbia na bado. Wewe sio mlezi mbaya. Ukiona damu inakupanda, mlaze chali kwenye kitanda chake, funga mlango, toka nje dakika chache unywe maji, mpigie mtu, kisha rudi umwangalie. Kilio hakimuui mtoto, ila kumtikisa kunaua, na akipona anaweza kubaki na ulemavu wa ubongo au wa macho maisha yake yote. Mlezi aliyezidiwa aweze kumpigia mzazi na kusema "leo nimechoka njoo mapema" na asitukanwe. Mzazi anayechelewa kila siku bila kusema, au anayemzungusha mlezi malipo yake, ajue anamwachia mwanae mtu aliyechoka na mwenye kinyongo.

Kumtoroka mtoto asubuhi, yani unamdanganya angalia ndege yule alafu unapotea, hilo naliomba liishe. Kuanzia miezi 8 hivi mtoto anajua kwamba umeondoka ila hajui kama utarudi, ukimtoroka anakua wa kukuganda kila saa. Muage, kwa kifupi, kwa maneno yaleyale kila siku, muache alie mikononi mwa mlezi, wengi wananyamaza hujafika hata barabarani, na mlezi akutumie ujumbe kwamba kanyamaza ili na wewe moyo utulie.

Simu na tivii sitaongea sana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema chini ya miaka 2 asikae mbele ya skrini kabisa, na miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku. Kama nyumbani anapewa saa yake yote na kwa mlezi nako anapewa saa yake, zimeshakua 2, kwaiyo kubalianeni. Asali usimpe hajatimiza mwaka. Karanga nzima na pipi ngumu mpaka avuke miaka 4, zabibu unazipasua kwa urefu. Ndoo ya maji usiiache wazi hata dakika, mtoto anayeanza kutembea anazama kwenye maji ya sentimita chache na hapigi kelele. Betri zile ndogo za duara za rimoti, akimeza zinaanza kuunguza koo ndani ya masaa 2, ukishuku tu kaimeza kimbia hospitali.

Kwa walioanza wiki hii, leo jioni kaeni chini dakika kumi mzazi na mlezi, mwandike kwenye karatasi namba za simu za wazazi wote wawili na ya mtu wa tatu, hospitali ya karibu, vitu vinavyomdhuru mtoto akila, na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua. Asiye kwenye ile karatasi hapewi mtoto, hata aje amevaa suti na analijua jina la mtoto, mpaka mzazi mwenyewe apige simu aseme. Ibandikeni mlangoni kwa ndani, juu ya lile daftari la dawa.

Ni mimi bibi yenu, mlezi wa zamani.