Azory Gwanda si kisa cha kupigia soga

Mhariri,

Hivi karibuni nilipanda basi dogo kutoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Ikwiriri. Tulipoingia Kibiti, abiria aliyekaa mbele yangu alinyoosha kidole dirishani akamwambia jirani yake, "Hapa ndipo alipopotelea yule mwandishi, marehemu Azory." Mazungumzo yakanoga. Mmoja akasema yeye anajua kabisa waliomchukua. Mwingine akaapa kuwa kuna mtu alimwona kwa macho yake, mbali huko. Kondakta naye akatia la kwake. Tulipofika Ikwiriri kisa kilikuwa kimeshaota mbawa, lakini katika wote wale hakuna aliyeitaja hata tarehe ambayo mtu huyo alitoweka.

Ni Novemba 21, 2017.

Naomba nafasi katika ukurasa wako kwa sababu ya neno lile moja lililotamkwa kwa wepesi kiasi kile: marehemu. Nani kamzika? Kaburi liko wapi? Nilitamani kuuliza, nikanyamaza kwa haya ya kumkatiza mtu mzima, na tangu siku hiyo ukimya wangu unanikera.

Tunayoyajua si mengi, lakini yapo, na hayahitaji kutiwa chumvi. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen kutoka Kibiti. Wanaokumbuka mwaka ule hawahitaji kusimuliwa. Wenyeviti wa vijiji, watendaji na viongozi wa chama tawala walikuwa wakiuawa mmoja baada ya mwingine. Aprili 2017 waliuawa askari polisi 8 kwa mpigo. Bodaboda zikapigwa marufuku jua likizama, watu wakalala mapema kama kuku. Wakati wengi wetu tulikuwa tukinong'ona, Azory alikuwa akiandika.

Siku aliyotoweka, watu asiowafahamu mkewe walikuwa naye ndani ya gari jeupe aina ya Land Cruiser. Walikwenda hadi shambani alikokuwa mke huyo. Kwa maelezo ya mama huyo mwenyewe, mumewe alimuuliza ufunguo wa nyumba umewekwa wapi, akamwambia anakwenda safari ya kikazi, na kwamba asiporudi siku hiyo atarudi kesho yake. Mama aliporudi nyumbani alikuta vitu vimepekuliwa. Kesho yake haikuleta mtu. Akaenda kutoa taarifa polisi.

Ukiyasoma hayo taratibu, utaona kwamba hiki si kitendawili cha kutegana barazani. Kuna tarehe, kuna gari, kuna nyumba iliyopekuliwa, kuna mke aliyeyaona magurudumu yakigeuka shambani. Haya ni mambo ya kufuatiliwa na watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Hata wakubwa neno lile limewaponyoka. Julai 2019, Profesa Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, alipohojiwa na BBC alisema Azory alitoweka na kufariki. Nchi ikashtuka. Baadaye ikatolewa kauli kwamba alieleweka vibaya, na kwamba hajui kama mwandishi huyo yu hai au la. Sisi wasikilizaji tukapata cha kubishania wiki nzima: alikusudia, hakukusudia, anajua, hajui. Mimi nilikuwa nikimfikiria mama aliyeachiwa kauli mbili ndani ya siku chache, moja inamfanya mjane, ya pili inamrudisha kwenye kusubiri.

Kusubiri huko nakujua, na ndiyo maana maneno ya kwenye basi yalinichoma.

Mwaka 1988 mjomba wangu alitoka Nyamisati kwa jahazi kwenda Mafia. Hakufika. Jahazi halikuonekana, wala ubao, wala mtu. Bibi yangu alitundika kanzu ya mwanawe msumarini nyuma ya mlango. Kila Alhamisi jioni aliishusha, akaifukiza udi, akaikung'uta, akairudisha palepale. Sisi watoto tulikuwa hatuthubutu kuigusa.

Watu walikuja. Walikuja kwa mapenzi, siwezi kuwasingizia ubaya, lakini kila mmoja alikuja na lake. Huyu kasikia kuwa jahazi lilisukumwa na upepo hadi Msumbiji. Yule shemeji yake kamwona mtu wa sura ileile bandarini Mtwara, akibeba magunia ya korosho, na mguu anauburuza kidogo kama mjomba. Hilo la mguu ndilo lililommaliza bibi. Aliuza mbuzi wawili, akavuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, maana daraja lilikuwa halijajengwa, akaenda hadi Mtwara kwa malori, njia yote matope. Huyo mtu alimpata. Alikuwa kijana wa Newala, ana mama yake, na mguu aliumia akiwa mdogo. Bibi alirudi baada ya siku kumi na moja, akakaa kimya, na kabla mwezi haujaisha jirani mwingine akaleta habari za Kilwa.

Bibi alifariki 2004. Hakuwahi kukubali mwanawe asomewe hitima. Alisema, "Nikimsomea nitakuwa nimemuua mimi." Kanzu tuliishusha siku tulipomzika yeye.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "kuna mtu alimwona", huwa namwona bibi kivukoni na kifurushi chake kichwani. Aliyesema maneno yale ya mguu aliyasahau jioni ileile. Bibi aliyalipia.

Sisemi watu wanyamaze kuhusu Azory. Kama wangenyamaza, jina lake lingekuwa limefutika, na wapo ambao wangefurahi. Waandishi wenzake wamelitaja mwaka baada ya mwaka na wanastahili shukrani. Lakini kumuulizia mtu ni jambo moja, na kustarehe kwa kisa chake ni jingine. Anayemuulizia hurudi kwenye yale machache yanayojulikana na kumkabili anayepaswa kujibu. Anayestarehe anataka kisa kikue, kiwe na siri ndani ya siri, na kikiisha atatafuta kingine. Hakikosekani. Ben Saanane wa CHADEMA hajaonekana tangu Novemba 2016, naye ameshageuzwa simulizi ya vijiweni kwa namna hiyohiyo.

Kuna watakaosema muda umepita mno, na kwamba sheria yenyewe inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka 5 ahesabiwe kuwa amefariki. Ni kweli, na miaka hiyo ilitimia Novemba 2022. Lakini mlango huo umewekwa kwa ajili ya familia, waubishe wakitaka na siku wakitaka, ili waweze kushughulikia nyumba, shamba na haki za watoto. Haukuwekwa ili abiria wa basi au waziri awatangulie kuingia. Tena sheria hiyo haimwondolei yeyote wajibu wa kueleza nini kilitokea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 wa kuwalinda watu dhidi ya kutoweshwa unaitambua haki ya familia kuujua ukweli. Tanzania haijauridhia, na sioni sababu ya kuendelea kusitasita.

Kama kuna msomaji aliyekuwa Kibiti siku ile na akaliona gari lile, likielekea wapi, saa ngapi, basi hicho alicho nacho ni kizito kuliko visa vyote nilivyovisikia njiani. Akipeleke polisi, na akiogopa kwenda peke yake aende na wakili. Asikimwage kijiweni, na asikipambe.

Nawe mhariri, nina ombi. Novemba 21 ijayo, pamoja na picha yake, chapeni tena maelezo ya mkewe kama alivyoyatoa, bila kuongeza neno. Kisha muwaulize polisi: jalada lile liko wazi au limefungwa? Nani analishughulikia sasa? Gari lile lilitafutwa? Familia ilielezwa nini mara ya mwisho, na lini? Wakijibu kwamba uchunguzi unaendelea, lichapeni jibu hilo pamoja na tarehe, na mwaka unaofuata mulichape tena kando ya lile jipya.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam