Chumba kuuzwa mara mbili: tusilaumu mtandao

Mhariri,

Maulidi ikikaribia na nyumba za wageni za Lamu na Shela zikijaa, malalamiko huwa yale yale: mgeni amelipia chumba kwa simu, anafika na mabegi yake, anaambiwa kimeshachukuliwa. Karani atasema mtandao ulisumbua. Mara nyingi mtandao hauna kosa. Kosa limo ndani ya programu ya kuwekea nafasi, pale ambapo rekodi zilizokwisha kusomwa kwenye hifadhidata huwekwa katika kumbukumbu ya seva ili maombi yote yazichukue hapo. Hiyo ndiyo kache ya pamoja, na inaudhi kwamba wengi wanaouza programu hizi hawajui hata kama imewashwa.

EclipseLink na Hibernate, maktaba mbili za Java zinazosoma na kuandika rekodi za hifadhidata kwa niaba ya programu, zote zinafuata kanuni za JPA (kanuni za Java za kazi hiyo), ila hapa zinaachana. EclipseLink huiwasha kache hiyo yenyewe kwa kila aina ya rekodi. Hibernate haiitumii mpaka mtu aiunganishe. Ndiyo maana programu iliyotulia miaka mingi juu ya Hibernate yaweza kuanza kuonyesha bei za zamani mara tu ikihamishiwa EclipseLink, na msimbo haujaguswa.

Tuchukue chumba namba 4. Saa nne asubuhi seva inakisoma kikiwa wazi na kukiweka kwenye kache. Dakika tano baadaye, programu nyingine inayopokea malipo ya simu inaandika kwa SQL, yaani lugha ya kuamuru hifadhidata, moja kwa moja humo, kwamba kimechukuliwa. Badiliko hilo halikupitia kwenye kache, kwa hiyo seva inaendelea kukitangaza kuwa wazi. Seva zikiwa mbili, kila moja ina kache yake, na ya pili haijui ya kwanza imeandika nini isipokuwa zimeunganishwa zipashane habari.

Tangu JPA 2.0 ya mwaka 2009, njia ya kuchagua ipo. Katika faili la mipangilio liitwalo persistence.xml, weka shared-cache-mode kuwa ENABLE_SELECTIVE, kisha tia alama ya @Cacheable kwenye vile tu vinavyosomwa sana na kubadilika kwa nadra: majina ya mitaa, aina za vyumba, orodha ya huduma. Bei ziwekewe muda wa kuisha. EclipseLink huhesabu muda huo kwa milisekunde, basi dakika moja ni 60000. Anayeandika 60 akidhani ni sekunde ameiua kache bila kujua. Nafasi za vyumba zisiingie humo kabisa.

Hata hivyo, kuzima kache peke yake hakumzuii karani wa pili kuuza chumba alichokisoma sekunde chache nyuma. Rekodi iwe na safu ya @Version, yaani namba ya toleo inayopanda kila rekodi inapobadilishwa. Ikiwa chumba kilisomwa kikiwa toleo la 7, amri ya kuandika hukubaliwa tu kama bado ni la 7. La sivyo muamala, yaani uandishi huo mzima, unakataliwa. Wengi husahau kwamba ile programu ya malipo inayoandika kwa SQL nayo lazima iongeze namba ya toleo. Isipoongeza, ukaguzi utapita na chumba kitauzwa tena. Muamala ukikataliwa, usirudie kwa kutumia rekodi ile ile: isome upya kwa CacheRetrieveMode.BYPASS (soma hifadhidata, ruka kache) pamoja na CacheStoreMode.REFRESH (weka nakala mpya kwenye kache). Ukiweka BYPASS pekee, wewe utapata rekodi mpya, lakini ile iliyochakaa itabaki kwenye kache ikiwasubiri wengine.

Ngao ya mwisho iwe kwenye hifadhidata yenyewe: jedwali lenye mstari mmoja kwa kila chumba kwa kila usiku, na sharti kwamba jozi hiyo isijirudie. Hapo hata programu mbovu haitaweza kuuza usiku mmoja mara mbili.

Wapo wanaoita amri ya evictAll kila dakika na kudhani wamemaliza. Amri hiyo husafisha kache nzima, majina ya mitaa na yote, kisha maombi yote yanaiangukia hifadhidata kwa pamoja, tena msimu wa wageni wengi. Afadhali evict, inayoondoa rekodi moja tu iliyoguswa, ukikumbuka kwamba seva zisipounganishwa zipashane habari inasafisha seva ile iliyoitwa tu.

Mwenye nyumba ya wageni anaweza kudai jaribio hili kabla ya kulipia programu. Fundi abadilishe bei ya chumba moja kwa moja kwenye hifadhidata, kisha kurasa za seva zote zifunguliwe na kuhesabiwa muda hadi bei mpya itokee. Ikichelewa, aweke shared-cache-mode kuwa NONE, aiwashe programu upya na kurudia. Ucheleweshaji ukitoweka, mchawi ni kache ya pamoja. Ukibaki, aangalie kama programu inashikilia EntityManager mmoja (kile chombo cha JPA kinachosoma na kuandika rekodi) kwa saa nyingi, maana huyo naye hutunza nakala zake mwenyewe, na NONE haimgusi.

Mwandaaji programu,
Langoni, Lamu