DPP wa kupigiwa kura? Kwanza tuonyeshwe faili

Mhariri,

Tangu zile kesi za wanasiasa hapa Kenya zianze kuondolewa kortini moja baada ya nyingine baada ya uchaguzi wa 2022, kuna watu hawachoki kusema eti DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, achaguliwe na wananchi kama waendesha mashtaka wa kaunti kule Marekani, si huyu wa kuteuliwa na rais na kupitishwa na bunge. Naelewa hasira yao. Lakini waangalie Chicago vizuri.

Oktoba 2014 polisi alimmiminia risasi 16 kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, polisi wenzake wakasema kijana alikuwa anawajia na kisu, kumbe video ya gari la polisi inaonyesha anaenda zake pembeni. Mwendesha mashtaka wa kaunti ya Cook, iliko Chicago, Anita Alvarez, alikuwa wa kupigiwa kura, tena mara mbili, 2008 na 2012, na alikaa siku 400 bila kumshtaki mtu, akijitetea kwamba uchunguzi ni mgumu na FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, pia wamo. Jiji lenyewe lilishakubali kulipa familia dola milioni 5 hata kabla hawajaenda kortini! Mashtaka yalikuja Novemba 24, 2015, siku ileile video ilipotoka, na ilitoka sababu mwandishi mmoja wa habari alishtaki jiji akidai haki ya kuiona na jaji akaamuru itolewe. Machi 2016 Alvarez akabwagwa na Kim Foxx kwenye mchujo wa chama.

Sasa niambieni, bila ile video wangembwaga kwa lipi? Mi naona angerudi ofisini bila jasho.

Halafu na hizi siasa zetu za unga na lesso, kampeni ya DPP atagharamia nani kama si haohao wenye kesi?

Katiba yetu inasema DPP hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya korti, na Sheria ya Kupata Habari tunayo tangu 2016. Basi tuanzie hapo. Kila akiondoa kesi ya ufisadi au ya mauaji aandike sababu kamili, sio "ushahidi hautoshi" halafu basi, aseme ni shahidi gani amekosekana na nani alikuwa na kazi ya kumleta, na iwekwe mahali mimi wa Nakuru naweza kuisoma bila kumjua mtu.

Msomaji,
Nakuru