Tuhesabu plastiki inayorudi, si inayoingia mtamboni

Ndugu Mhariri,

Taarifa kwamba taka za plastiki zilizochanganyika sasa zinaweza kuvunjwa kwa vichocheo (vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemikali) vya bei nafuu zimepokelewa kwa furaha, nami nimo miongoni mwa waliofurahi. Naomba nafasi niseme kwa nini unafuu huo hautoshi.

Mwaka 2024 kundi la John Hartwig wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilionyesha kuwa sodiamu iliyopakwa juu ya alumina (oksaidi ya alumini), ikisaidiana na oksaidi ya tungsteni, huikatakata minyororo ya poliethilini na polipropilini, plastiki za mifuko na vyombo vingi vya kufungashia. Katika nyuzi 320 za Selisiasi, pamoja na gesi ya ethilini, plastiki hizo hugeuka kuwa propilini na isobutilini, gesi ambazo viwanda huzitumia kutengenezea plastiki mpya. Kabla ya hapo walitegemea metali ghali kama iridiamu. Hiyo ni hatua kubwa, na wanastahili pongezi.

Lakini taka halisi haiji ikiwa safi. Katika utafiti huohuo, PET (plastiki ya chupa za vinywaji) au PVC (plastiki ya mabomba) kidogo tu ilitosha kushusha ufanisi. PVC ndiyo sumbufu zaidi: ikipashwa moto hutoa kloridi ya hidrojeni, ambayo huua vichocheo na kula vyuma vya mtambo. Kwa hiyo kazi ngumu ya kuchambua taka inabaki palepale, na gharama yake pia. Ndiyo maana nilivutiwa zaidi na kichocheo cha nikeli kilichotangazwa mwaka 2025 na Tobin Marks na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern. Hicho kiliendelea kufanya kazi hata PVC ilipokuwemo.

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Kichocheo hicho cha nikeli, kikitumia hidrojeni, hutoa mafuta na nta. Zikitengenezwa vilainishi vya mashine, sawa. Zikichomwa kama nishati, kaboni yote inapanda hewani na plastiki nyingine lazima itengenezwe kutokana na mafuta ghafi. Kuiita kazi hiyo urejelezaji ni kuwadanganya watu. Tena hidrojeni nyingi duniani leo hutokana na gesi asilia.

Kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa hadi mwaka 2015, takriban asilimia 9 tu ndizo zilizorejelezwa. Nahofia takwimu hiyo itapandishwa kwa kuhesabu kila kilo iliyoingizwa mtamboni, hata kama iliishia kwenye injini.

Naliomba gazeti lako, kila linaporipoti uvumbuzi wa aina hii, liwaulize wahusika: katika kila kilo 100 za taka, ni ngapi zimerudi kuwa malighafi ya plastiki? Na taka hizo zilitoka jalalani, zikiwa na uchafu na lebo zake, au zilikuwa chembechembe safi za maabara?

Msomaji wako